Nani Anadai?

Siku makande yalipofutwa itakumbukwa katika Shule ya Wasichana ya Lihanje kuliko sikukuu yoyote ya taifa. Saa sita na nusu mchana, sauti ya Mkuu wa Shule ilitoka kwenye spika za mabweni yote manne, nzito, pamoja na kile kikohozi chake kidogo cha kufungulia hotuba. Ikatangaza kwamba kuanzia leo, kwa kuzingatia usalama wa meno ya taifa, makande yamefutwa na mahali pake patachukuliwa na wali kwa kuku. Wasichana mia tatu walipiga vigelegele. Mpishi mkuu alikaa juu ya gunia la mahindi akalia. Mkuu wa Shule mwenyewe, aliyekuwa ofisini akichovya andazi kwenye chai, alijisikiliza mpaka mwisho, na inasemekana alikubaliana na kila hoja.

Msako ulidumu wiki mbili bila kumpata mtu. Sauti ile ilikuwa ya Sekela Mwalyego, fundi wa kuiga sauti, wa kidato cha tatu, bweni la pili, kitanda cha chini. Aliyejua hayo alikuwa mmoja tu: Femke de Wit, wa kitanda cha juu.

Na huko Lihanje, mwenza wa dabo deka, kitanda cha ghorofa, ni zaidi ya ndugu. Sheria zake hazikuandikwa popote, lakini hata njuka, mwanafunzi mpya wa siku tatu, alizijua. Mtu mwingine akiazima pasi yako, anaacha rehani, walau kiatu kimoja. Mwenza wa dabo haachi rehani. Kila Jumamosi saa mbili asubuhi, kwenye Paredi ya Madai, Matroni huuliza mara tatu, "Nani anadai?" na kila mwenye kitu chake mkononi mwa mwingine hukidai kwa sauti mbele ya shule. Mwenza wa dabo hadaiwi paredini. Ukimdai, hata sindano, maana yake mmeachana, na wa juu hubeba godoro lake siku hiyo hiyo.

Femke alizaliwa melini. Nchi ya wazazi wake, kule kaskazini, ilikuwa imekwisha kuwa bahari kabla hajazaliwa, na watu wake waliishi kwenye meli kuukuu zilizotia nanga mbali na pwani, wakisubiri nchi kavu iwaite kwa majina. Yeye aliteremshwa kwa kibali cha mwanafunzi. Mdogo wake, Lotte, mwenye miaka sita, alibaki. Lotte hakuwahi kukanyaga udongo. Ili ateremke, Femke alitakiwa kufaulu Usaili wa Ukaazi: dakika ishirini za kuzungumza Kiswahili mbele ya maafisa watatu, bila karatasi, bila kalamu. Akifeli, mwisho wa mwaka naye angerudi melini.

Kwenye karatasi Femke alikuwa hatari. Aliyajua majedwali ya ngeli kwa moyo, na kwenye mitihani ya sarufi aliwapita wenyeji. Shida ilikuwa mdomo.

"Haya," Sekela alimwambia Jumatatu, wakichambua maharage nje ya jiko. "Sema: vikombe vyangu viwili vimevunjika."

"Vikombe yangu…" Femke alifumba macho kama mtu anayemeza kwinini. "Vyangu. Mbili. Viwili. Zime… vime…" Akafumbua macho. "Unaona, Sekela? Nikimaliza kuvalisha sentensi sare yote, mtu ile naongea naye imeshaenda kulala."

"Sasa wewe unaivalisha ya nini? Iache itoke imevaa."

"Yako inatoka imevaa. Yangu inatoka uchi."

Sekela alicheka mpaka maharage yakamwagika. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu wazo lilikuwa limemjia, na mawazo ya Sekela yalikuwa na tabia ya kuingia bila hodi. Maafisa watatu wa serikali, wenye miwani na mihuri, wakidanganywa na sarufi ya msichana wa Tukuyu! Kufuta makande kungeonekana mchezo wa chekechea.

"Nitakuazimisha ya kwangu," alisema.

Kila bweni lilikuwa na jozi moja ya Viazimo, vidude vya ukubwa wa kishikizo cha shati, vya kubandika nyuma ya sikio. Vilibuniwa kwa ajili ya wagonjwa wa kiharusi, lakini hakuna kitu kilichowahi kubuniwa kwa ajili ya wagonjwa ambacho watoto wa bweni hawakukitafutia kazi nyingine. Kiazimo huchukua ujuzi uliozoeleka mpaka haufikiriwi tena, kama kusuka nywele au kusukuma chapati ya duara, na kuupeleka kwa mwingine. Hakinakili, kinahamisha. Ukiazimisha kusuka, vidole vyako hubaki kama vya mtoto mchanga mpaka ujuzi urudi. Na muda wake ni saa sabini na mbili. Zikipita, ujuzi huota mizizi kwa aliyeazima, na hapo ni daktari wa serikali tu anayeweza kuung'oa. Daktari wa serikali huuliza maswali. Sheria iliruhusu kuazimana karibu kila kitu, isipokuwa lugha kwa ajili ya usaili.

Jumatano saa sita mchana walibandikana nyuma ya tangi la maji. Usaili ulikuwa Ijumaa, mjini. Basi la shule lingemrudisha Femke Jumamosi asubuhi, na muda ungebaki tele. Femke alivua mkufu wenye picha ya Lotte, akamnyooshea.

"Rehani."

"Unanitukana?" Sekela alisema, akaurudisha shingoni mwa mwenzake kwa mkono wake mwenyewe.

*

Kwa siku tatu Sekela alizungumza kama mtu aliyevaa nguo gizani. Maneno alikuwa nayo yote. Kilichoondoka ni kile kinachoyashikanisha. Aliuliza, "Kikombe yangu iko wapi?" na masikioni mwake ilisikika sawasawa, mpaka alipoona nyuso za watu. Ili kuficha, alitangaza kwa huzuni kuu kwamba amefunga ngeli, kama wengine wanavyofunga nyama wakati wa Kwaresima. Shule nzima ilifurahi. Njuka walimfuata nyuma wakimwiga. Mpishi mkuu, aliyekulia Nairobi, hakuona tofauti yoyote.

Jumamosi, dakika chache kabla ya paredi, basi liliingia. Femke alishuka na bahasha ya kaki kifuani. Hakuja bwenini. Alikwenda moja kwa moja chumbani kwa Matroni, akakaa humo kama dakika kumi. Sekela, akimwangalia dirishani huku akipiga mswaki, alidhani anapongezwa, akaona fahari kama mtu aliyefaulu mwenyewe.

Paredi ilipokwisha, Matroni hakuwaruhusu kutawanyika. Alipita katikati ya mistari polepole, viatu vyake vikilia kwenye changarawe, akasimama mbele ya Sekela.

"Makande," alisema Matroni.

Ilitosha.

Hukumu ilikuwa magunia sita ya viazi, kuchambua vilivyooza na vizima, ndani ya stoo, mlango umefungwa kwa nje, mpaka saa nane. Sekela alipokuwa akiongozwa kwenda huko alimtafuta Femke kwa macho. Femke alikuwa akiangalia kamba za viatu vyake.

Stoo ilikuwa baridi na yenye harufu ya udongo uliolowa. Gunia la kwanza lote Sekela alilitumia kumtetea mwenzake. Matroni amekisia. Matroni ana rafiki mtaalamu wa sauti. Mpishi ameota ndoto. Gunia la pili alipungukiwa na mashahidi. Aliyejua alikuwa mmoja.

Alipiga mlango. Aliita. Alimwita Matroni, akamwita mlinzi, akamwita Femke kwa jina lake lote. Waliopita nje walimsikia akisema, "Mlango hii afunguliwe! Saa inaisha!" wakaangua kicheko na kuendelea na safari yao, kwa kuwa mfungo wa Sekela ulikuwa umekwisha kuwa burudani ya kudumu.

Kengele ya Lihanje ni rimu ya gurudumu la lori. Saa sita ilipogongwa, mlio uliingia kupitia nyufa za mbao, pigo moja moja. Sekela alichukua kiazi kimoja, akakitazama, akajaribu kusema habari zake. Zamani kiazi kikishatajwa, sentensi nzima iligeuka yenyewe kukifuata, kama vifaranga. Sasa alikitaja na hakuna kilichogeuka.

*

Alimkuta Femke kwenye kamba za kufulia, akianika mashati ya shule, sita kwa mstari.

"Femke. Nani ilimwambia Matroni?"

Femke alibana kibanio cha shati la mwisho, akakibanua, akakibana tena.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu barua waliyonipa ni ya muda. Ndani ya siku arobaini atakuja afisa bila taarifa, anisikilize tena. Ningekurudishia leo, angenikuta na sentensi zangu za uchi, na Lotte angekuwa ameshashuka. Wangemrudisha, Sekela. Mtoto ameshashuka, halafu wamrudishe." Aliyasema yote kwa pumzi moja, bila kufumba macho, bila kutafuta. Kila neno lilitoka limevaa, na Sekela alizitambua nguo. Hata ule mkato wa mwisho wa sentensi ulikuwa wa mama yake Sekela, akiwa jikoni, akigombana na mkaa.

"Mimi ilikaa kwa stoo," Sekela alisema. "Mimi ilipiga mlango mpaka mkono inavimba."

"Najua. Nilikuwa nimesimama nje."

Upepo uliyajaza mashati mikono.

"Ningekuomba unipe kabisa, ungekubali?" Femke aliuliza.

Swali hilo lilimkasirisha Sekela kuliko jingine lolote, kwa sababu mtu aliyesalitiwa ndiye mwenye haki ya kuuliza.

"Wewe haikuomba," alisema.

Jioni hiyo alikwenda kwa Matroni akilia machozi ya kweli. "Matroni, mimi inaongea vibaya kweli! Siyo utani!" Wasichana waliokuwa barazani walimpigia makofi. Matroni alimwongezea wiki mbili za kufagia bwalo, akasema kipaji ni kipaji, lakini kina mipaka yake.

Jumapili alipiga simu nyumbani. Mama yake alicheka, kisha akacheka kidogo, kisha akaacha.

"Mwanangu, acha sasa," alisema. "Zungumza na mimi."

Sekela alikata simu.

Dawa ilikuwepo, na aliijua. Zahanati ya shule ingempa ruhusa, basi lingemfikisha hospitali ya serikali, na pale angesema yote. Yeye angesimamishwa muhula mmoja na kurudishiwa chake. Femke na Lotte wangerudishwa melini. Mara mbili alifika getini na karatasi ya ruhusa mkononi. Mara ya kwanza mlinzi alikuwa amelala, na Sekela alijiambia si adabu kumwamsha. Mara ya pili mlinzi alikuwa macho kabisa, akamfungulia hata geti. Lakini asubuhi hiyo ilikuwa imefika picha kutoka pwani, na Femke alikuwa ameibandika ukutani: mtoto mwenye nywele nyeupe amechuchumaa, mikono yote miwili imezama kwenye udongo mpaka viwikoni, mdomo wazi.

"Unatoka au unaingia?" mlinzi aliuliza.

Sekela aliichana ruhusa, akampa vipande.

*

Darasa la Wageni lilikuwa na wanafunzi saba, na Sekela akawa wa nane. Alieleza kwamba aliangukia kichwa. Mwalimu Mbilinyi alikuwa mzee mwembamba mwenye sweta la kijani, na zana yake pekee ya kufundishia ilikuwa ndoo ya plastiki. Aliitazama fomu ya Sekela, akamtazama mwenyewe, akamwonyesha kiti.

Ndani ya ndoo mlikuwa na vitu: kisu, jiwe, ndizi, ufunguo, yai, ua la pareto. Mwanafunzi alichomoa kimoja na kukizungumzia mpaka darasa liridhike. Yuna, mtoto wa miaka kumi na miwili kutoka meli za mashariki, alichomoa ndizi akaitazama kwa chuki.

"Ndizi moja, ndizi. Ndizi kumi, ndizi," alisema. "Mwalimu, hii ni uvivu."

"Ni uvivu," Mwalimu alikubali. "Ushukuru. Ufunguo haukuhurumii namna hiyo."

"Na kiongozi? Ina 'ki' mbele kama kisu, lakini unasema anakuja. Kwa nini haikai na visu?"

"Wapo viongozi wanaokaa na visu, Yuna, lakini hilo ni somo la uraia. Kiongozi ni mtu. Mtu hata akivaa koti la jirani, nyumbani kwake ni kwa watu."

Sekela alicheka. Baadaye akagundua kwamba hakuwa amecheka tangu siku ya viazi.

Zamu yake ilipofika alipata ufunguo. Alikuwa ameketi juu ya lugha hii miaka kumi na sita kama mtu anavyoketi juu ya kiti, bila kuuliza kina miguu mingapi. Sasa alihesabu miguu. Ufunguo. U. Ufunguo wangu. Ufunguo wangu ume. Alifika "umepotea" jasho likimtoka puani, na wenzake saba wakagonga meza kumshangilia. Halafu Mwalimu akasema, "Zikiwa nyingi?" na nyumba nzima ikaanguka.

Kipindi kilipokwisha, Mwalimu Mbilinyi alimbakiza.

"Mimi nyumbani tulizungumza Kibena," alisema, akirudisha vitu kwenye ndoo kimoja kimoja. "Kiswahili nilikianza nikiwa na miaka tisa, kwa fimbo. Namjua mtu anayejifunza, na namjua anayesahau. Wewe si mmoja wao. Wewe umechomolewa."

Sekela alitazama sakafu.

"Kuna mtu ninayepaswa kumwandikia barua?" Mwalimu aliuliza. "Sema ndiyo, nitaandika leo."

Kalamu ilikuwa mezani. Karatasi ilikuwa mezani. Nje, Femke alipita na wenzake wanne akiwasimulia kitu, na wote wanne walikuwa wakicheka mahali panapostahili kuchekwa.

"Hapana, Mwalimu."

"Basi kesho uje na kiporo cha ufunguo. Zikiwa nyingi."

Alikwenda. Alikwenda siku ishirini na moja. Usiku akilala aliisikia dari ya mbao na springi za kitanda cha juu zikilia Femke alipogeuka, naye chini yake akinong'ona, funguo zangu zimepotea, viazi vyangu vimeoza, mayai yangu yamevunjika, mpaka usingizi ulipomchukua katikati ya msiba.

Hakumsemesha Femke tena, wala Femke hakumsemesha. Shule haikugundua, kwa kuwa mmoja alikuwa juu na mwingine chini, na hakuna aliyewadai.

*

Afisa alikuja siku ya thelathini na sita, Jumamosi. Alikuwa mama mnene mwenye koti la mvua na kishikwambi kwapani, na alikuwa amekwisha kumsikiliza Femke nusu saa ofisini. Lakini hakuondoka. Alikuja kusimama kando ya Matroni kwenye paredi, akipepesa macho juani.

"Napenda kuwaona wakiwa na wenzao," alisema, kwa sauti iliyofika mstari wa tatu. "Halafu nitaomba neno moja na mwenza wake wa kitanda."

Femke alikuwa amesimama bega kwa bega na Sekela, kama ilivyo kanuni.

"Nani anadai?" Matroni aliita.

Mmoja alidai pasi. Mmoja alidai ndoo, na aliyedaiwa akasema ina tundu, na aliyedai akasema haikuwa na tundu.

"Nani anadai?"

Mmoja alidai soksi.

Kwa wiki tano Sekela alikuwa ameiandaa sentensi yake, na alikuwa na mbili. Ya kwanza, ya kudai Kiswahili chake, ilikuwa fupi, na mama mwenye koti alikuwa hatua kumi tu kutoka alipo. Angeitoa kwa kosa, na hata kosa lenyewe lingekuwa ushahidi. Jioni hiyo angekuwa hospitalini, na Jumapili angempigia mama yake. Na mtoto fulani angenawishwa udongo mikononi na kupandishwa ngazi ya meli.

"Nani anadai?" Matroni aliita mara ya tatu.

Sekela alinyoosha mkono.

Mistari ilianza kutabasamu, ikitarajia burudani. Yeye alivuta pumzi, akaenda polepole, kila neno akilishika begani na kulikagua kabla ya kuliachia.

"Nadai kijiko changu. Kiko kwa Femke de Wit. Alikichukua bila kuniomba." Akashusha mkono. "Kingine sidai."

Tabasamu zilizimika mstari kwa mstari. Wasichana mia tatu walielewa. Aliyekuwa haelewi ni mgeni tu, aliyekuwa akimtazama Matroni, na Matroni alikuwa akitazama chini, kwa sababu naye alisoma Lihanje.

Femke alitoka mstarini. Alikwenda bwenini akarudi na kijiko, na safari hiyo ilichukua muda mrefu ajabu kwa mtu mwenye miguu mirefu vile. Alikiweka kwenye kiganja cha Sekela. Midomo yake ilijaribu neno, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano ile ya tangi la maji, sarufi yote ya dunia haikumsaidia.

"Ndiye mwenza wake?" afisa alimuuliza Matroni.

"Alikuwa," Matroni alijibu.

Afisa alimsogelea Sekela. "Niambie, binti. Huyu Femke, mkiwa wawili tu, bila mwalimu, huzungumza Kiswahili chake hivi hivi?"

Femke alikuwa bado amesimama mbele yao.

"Ndiyo, mama," Sekela alisema.

Afisa aliandika. Kisha akamtazama Sekela tena, kwa huruma ya mtu aliyewasikiliza wageni wengi, akamgeukia Matroni na kushusha sauti, ingawa hakuishusha vya kutosha.

"Na huyu wa kijiko ametoka nchi gani? Nimemwona anafikiria kila neno. Lakini anajitahidi sana. Msimkatishe tamaa."

"Tukuyu," Sekela alijibu mwenyewe.

Kicheko kilichoanzia kwa njuka kilifika mpaka jikoni. Afisa naye akacheka, akidhani ni utani, na kwa sifa ya msichana yule kila mtu angedhani hivyo. Mwalimu Mbilinyi, aliyekuwa amesimama kando na ndoo yake, hakucheka. Wala msichana mrefu aliyekuwa amekwisha kuanza kutembea kuelekea bwenini.

Saa sita ilipogongwa, godoro la juu lilikuwa limeondoka. Picha nayo ilikuwa imeondoka, na ukutani zilibaki alama nne za gundi. Sekela alilala chali akizitazama springi tupu, na nyuma yake dari, aliyokuwa hajaiona kwa miaka miwili. Kisha alichukua kijiko chake akashuka bwaloni.

Mchana huo, kama siku zote, kulikuwa na makande.